Jina Lako Nililikosea, Fundi

Fundi wangu Damiani,

Shikamoo. Najua huitikii. Hata ulipokuwa hai uliitikia ulipopenda, na asubuhi nyingi ulikuwa hupendi. Ulikuwa unaniacha nimesimama na shikamoo yangu kama mtu aliyebeba ndoo ya maji asijue pa kuitua, halafu unasema, "Msasa uko wapi?" Basi leo sikungoji.

Ni mwezi wa saba tangu tukuzike pale Lumemo. Nimeanza barua hii mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikishika kalamu naona naandika kama wale wasoma risala wa misibani. Taa yetu imezimika. Pengo lako halitazibika. Upuuzi mtupu. Pengo lako lilizibwa ukiwa hai, unatazama, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobeba udongo wa kulizibia.

Hilo nalitanguliza, kabla sijakuambia kwamba nimerudi kwenye brashi.

Unakumbuka nilivyokuja? Nilikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumtisha mtu. Banda lako lilikuwa Viwanja Sitini, mabati sita juu ya nguzo nne, ng'ambo ya duka la rangi la Bi Zuhura. Nilikuletea daftari langu la michoro: maua, Bikira Maria, simba. Ulilifungua, ukalifunga. "Huyu simba ana homa," ulisema. Kisha ukanipa ubao na kopo la rangi nyeusi, ukaniamuru niandike O. Nikaandika O. Kesho yake O. Mwezi mzima, O. Mama akiniuliza nyumbani nimejifunza nini, nikawa naona haya kumjibu. Nawe ulikuwa unapita nyuma yangu na kikombe chako cha chai ya tangawizi, unasimama, unainamisha kichwa. "Hii ni O, au ni yai lililokaliwa?"

Nilikuchukia, Fundi. Nilikuchukia miaka miwili ya kwanza bila kupumzika. Lakini nilikuwa nakuona unavyofanya kazi. Niliona unavyoishika brashi kana kwamba haina uzito, unavyobana pumzi kabla ya mkunjo wa S, unavyomchora ng'ombe wa buchani. Ng'ombe wako walikuwa na macho ya huruma mno. Yule mwenye bucha pale stendi alikuja kukuomba umpunguzie wake huruma, maana wateja walikuwa wanamtazama, wanasita, wanakwenda kununua dagaa. Ulikataa. Ulimwambia ng'ombe hana kosa.

Na majina. Kwenye majina ya watu ulikuwa mkali kuliko padre kwenye kitubio. "Ukikosea SODA BARIDI watu watacheka yaishe. Ukikosea jina la mtu, umemvua nguo barabarani." Ulinifundisha kulisoma jina kutoka nyuma, herufi moja moja, kwa sababu ukilisoma kutoka mbele akili inasoma inachokitaka, haisomi kilichopo. Kila kibao kilichotoka bandani mwako kilisomwa kutoka nyuma, hata kibao cha CHOO.

Halafu Filbert akaja na mashine yake.

Sina haja ya kukueleza Filbert ni nani, lakini nataka kumtaja kwa namna anavyostahili. Ni mtu wa miaka arobaini na tano anayejiita kijana. Alifungua ofisi ya kuchapa mabango ya plastiki, akaweka feni, akaweka kioo mlangoni. Bango la mita nne kwa dakika ishirini, na picha ya chochote unachotaka. Wenye maduka waliokuwa wanakuita "msanii wetu" wakayabandika yale maplastiki juu ya herufi zako bila hata kuona aibu. Hayakumaliza mwaka jua likayapausha, wakachapisha mengine. Hawakuona tofauti. Watu hawa, Fundi, ukiwawekea godoro ukutani ukawaambia ni dirisha, watalifungua.

Na mimi nikaenda kwake. Nilikuja kukuaga asubuhi, wewe ukiwa unaosha brashi kwa mafuta ya taa. Hukugeuka. "Nenda," ulisema. "Kule kiti kina mto."

Hayo tu. Nilikaa juu ya mto huo miaka tisa.

Miaka tisa ya kubonyeza. HARUSI YA fulani NA fulani. PUNGUZO KUBWA. Mikono yangu ikawa laini kama ya mtu anayelishwa. Ulikuwa unapita mbele ya kioo chetu na baiskeli yako, ngazi umeifunga ubavuni, na mimi nilikuwa naishika simu nikijifanya nasoma kitu. Usidhani hukuonekana. Nilikuwa nakuona kila mara. Waliponiambia umelazwa, kifua, nilisema nitakuja Jumapili. Mimi Jumapili nilikuwa nazo nyingi. Wewe hukuwa nazo.

Ulikufa alfajiri ya Jumanne. Saa mbili Filbert aliingia ofisini na chapati mkononi. "Yustina, yule mzee wa brashi kafariki. Mtengenezee bango haraka, mchango wa ofisi. Na nembo yetu iweke chini, ionekane."

Nitakueleza nilivyolitengeneza, kwa sababu wewe ulikuwa hupokei kazi bila kuuliza imefanywaje. Nilifungua bango la marehemu wa wiki iliyopita. Nikalifuta jina lake, nikaandika lako. Picha yako ilitoka kwenye simu ya mtu, nyembamba, na nafasi ilikuwa pana, nikaishika pembe nikaivuta. Uso wako ukatanuka kama unga wa maandazi. Nikaona umetanuka, nikaacha. Nembo ya Filbert nikaikuza. Nikabonyeza. Mashine ikaanza kunguruma, nami nikaenda kunywa chai. Sikulia. Sikusoma kutoka nyuma, wala kutoka mbele.

Kesho yake nilifika msibani nimejifunga kanga, nikakaa mkekani na kina mama, nikainua macho. Bango lilikuwa limefungwa kati ya nguzo mbili za turubai. PUMZIKA KWA AMANI MZEE DAMAINI.

Damaini.

Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna aliyeona. Walimu walikuwepo, wanakwaya walikuwepo, wenye maduka uliowaandikia majina ya watoto wao. Wote walikaa chini ya jina la mtu asiyekuwepo duniani wakamlilia. Padre alisoma "Damiani" sawasawa kwenye karatasi yake huku bango likimkodolea macho. Filbert akasimama, amevaa miwani ya jua, akasema Mzee alikuwa hazina ya Ifakara, na sisi wa teknolojia ni watoto wake. Watu wakapiga makofi. Msibani! Niliwadharau wote, Fundi, mmoja baada ya mwingine, nikiwapitia kwa zamu kama anayehesabu mbuzi. Lakini nilipofika kwangu nilikwama. Wao walikuwa vipofu tu. Mimi nilifundishwa kuona.

Mtu mmoja aliliona. Mkeo, Mama Sesi, alikuwa amekaa karibu na jeneza, akainua uso, na midomo yake ikawa inacheza polepole. Alikuwa anasoma kutoka nyuma. Miaka yote ile ya kuishi na wewe haikwenda bure. Alipomaliza aliteremsha macho, akajifunika kanga usoni. Wengine wakadhani ni kilio kimemzidi.

Baada ya maziko nilianguka, Fundi. Sisemi nilizimia, ningekuwa na bahati. Nilikuwa nakwenda kazini na kurudi, lakini chakula kilikuwa kama pumba mdomoni, na mikono ilianza kutetemeka. Nikishika kikombe kinagonga sahani. Wakaanza kuja wenye dawa. Mwenyekiti wa jumuiya yetu akaja na maneno yake ya siku zote: jikaze, yote ni mapenzi ya Mungu. Nilitaka kumuuliza kama Mungu ndiye aliyeandika Damaini. Jirani akasema nimerogwa na mtu wa Mlimba, nami Mlimba simjui mtu. Nikaenda zahanati. Dada mmoja mpole sana akanisikiliza, akaniambia nina msongo, nitafute kitu cha kuburudisha akili, hata kuchora, kuchora kunaponya. Akanipa karatasi yenye maua ya kupaka rangi kama ya watoto wa chekechea. Maua yenyewe yalichorwa vibaya.

Kuchora kunaponya! Kama vile ni panado. Ungekuwepo ungemuuliza kunamezwa kwa maji au kwa uji. Mimi niliikunja ile karatasi nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Sasa sikia kilichonirudisha, kwa sababu watu wataanza kusema ni upendo, na ni uongo.

Siku ya arobaini yako, baada ya misa, tulikwenda makaburini. Mvua zilikuwa zimepiga wiki nzima. Msalaba wako uliandikwa siku ya maziko, kwa kalamu ya wino, na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Wino ulikuwa umetiririka. Kilichobaki kilikuwa D, na A, na alama nyingine zinateremka upande kama watu wanaokwenda mtoni kuoga. Wenzangu waliinamisha vichwa wakasali. Mimi niliutazama ule mwandiko, nikahisi dharau inapanda kutoka tumboni, ya moto, safi, isiyochanganywa na kitu. Mtu ameishi miaka sitini na nane akiandika majina ya watu wote wa bonde hili, toka hapa mpaka Chita, halafu la kwake linaandikwa na kima. Na kwa mara ya kwanza tangu ufe, nikasikia njaa.

Nilitoka makaburini nikanunua mihogo ya kukaanga, nikaila nikitembea, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura.

Alikuwa amekaa nyuma ya kaunta yake na mtandio wake mweupe, anafunga misumari kwenye magazeti. "Ehe," alisema. "Leo umepotea njia?"

"Shikamoo, Bi Zuhura. Naomba rangi ya mafuta, nyeupe na nyeusi. Na brashi."

"Marahaba. Brashi za kupakia ukuta hizo hapo."

"Za kuandikia."

"Za kuandikia hatuleti tena. Nani anaandika?" Akanitazama kuanzia viatu. "Wewe si ulihamia kwenye feni?"

Alimaliza kufunga misumari yake yote, hana haraka, kisha akainama chini ya kaunta akatoa furushi la gazeti. Zilikuwa brashi zako, Fundi. Zote saba. Alisema uliziacha pale siku ulipokuwa unakwenda kulazwa, ukasema utazifuata. "Hakusema nimpe nani," alisema. "Mimi nikawa nazipaka mafuta kila Ijumaa zisikauke. Basi."

Huyo peke yake, katika mji huu, sikuweza kumdharau. Nilijaribu. Nilipotaka kumshukuru alinipungia mkono kama anafukuza nzi. "Usinishukuru. Kaandike."

Niliandika O.

Ilikuwa aibu. Mkono ulitetemeka, rangi ikatiririka, nikatoka na kitu ambacho hata yai lingekikana. Nilikuwa nimetoa mlango wa kabati bovu nikauegemeza ukutani nyuma ya nyumba, na kila siku nikitoka kazini nilisimama mbele yake mpaka jua lizame. O, na O, na O. Jirani alichungulia juu ya ua akaniuliza kama niko sawa. Nilimwambia naandika O. Akarudi ndani kwake taratibu, na nadhani zile habari za mtu wa Mlimba zilipata nguvu mpya.

Sikujiliwaza, Fundi. Yule dada wa zahanati angesikitika angesikia niliyokuwa najiambia. Nilijitukana kwa sauti yako. "Hii ni nini? Tairi la bajaji? Futa." Nikafuta. "Na hii? Imelewa? Futa." Lakini ukimtukana mtu kwa ajili ya O iliyopinda, angalau unamtukana kwa kitu kinachoweza kunyooka. Yale mengine niliyokuwa najitukana kitandani, kuhusu zile Jumapili, hayanyooki. Nikawa nahamisha matusi kutoka kule kuja huku. Sijui kama hiyo ndiyo dawa. Najua kwamba siku moja nilisikia harufu ya maharage yanaungua jikoni, nikagundua nimesimama saa nzima sijafikiri chochote ila unene wa mstari, na mkono ulikuwa umetulia. Sikujua umetulia tangu lini. Nilikula yale maharage yaliyoungua, nikalala hadi asubuhi.

Nilipoona niko tayari nilikwenda kwa Mama Sesi. Alikuwa uani anaanika mpunga. Nikasimama pale na mfuko wangu, nikatazama chini, na chini ya mpunga nikaiona nembo ya Filbert.

Alikuwa ameanika mpunga juu ya bango.

"Plastiki nzuri," alisema alipoona ninapotazama. "Haipitishi unyevu."

Nilipiga magoti palepale. Nilimwambia, "Mama, ni mimi niliyeandika. Mimi ndiye niliyelikosea."

Aliendelea kuusambaza mpunga kwa mguu, mguu wa kulia, polepole. "Nilijua. Siku ile watu wote walikuwa wanalia wameinua nyuso waonekane. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa kama umeiba kuku." Akasambaza tena. "Angekuwepo angekuchapa kwa mti wa ngazi."

"Ndiyo, Mama."

"Halafu angekwambia uandike upya. Sasa umepigia magoti nini hapo? Mpunga unaukanyaga."

Tulikwenda wote makaburini. Niliupiga msasa msalaba wako, nikaupaka nyeupe, tukakaa kwenye nyasi tukisubiri ikauke, yeye akimenya machungwa. Kisha nikapiga mistari kwa penseli, nikabana pumzi. Nilitumia ile brashi yako namba nne, yenye mpini ulioungua. Nilipomaliza sikusogea. Mama Sesi alisimama nyuma yangu akasoma kwa sauti, kutoka mwisho: "I. N. A. I. M. A. D." Akasoma tena. Halafu akasema, "Ni yeye," na akakaa chini kwenye nyasi, akalia kilio ambacho siku ya maziko hakukilia. Mimi nililia pia, lakini nilimaliza kusafisha brashi kwanza.

Jumatatu yake nilimuaga Filbert. Aliniambia nitarudi, kwamba hakuna anayeishi kwa brashi siku hizi, kwamba anasikitika kwa ajili yangu. Alisikitika akiwa anakula. Nilimwambia ajifunze kutofautisha R na L kwenye majina ya wateja, nikafunga mlango wa kioo taratibu usije ukavunjika, maana jina lililoandikwa juu yake nililiandika mimi.

Kazi zipo, si nyingi. Saluni moja imetaka vichwa vinne vya wanaume ukutani. Nimevichora. Kimoja kina homa, nakiri. Misalaba napata, zaidi ya ninavyopenda. Tangu watu wauone wako wamekuwa wakinifuata. Wanasema, "Tuandikie kama ule." Sasa wameona. Walihitaji mtu afe.

Na wiki iliyopita nilikwenda Chita. Mwenye mashine ya kukoboa mpunga alinitumia ujumbe kwamba ukuta wake umechakaa, anataka maandishi yapakwe upya. Basi la Mlimba likanishusha, nikatembea hadi pale, akanipeleka mbele ya ukuta. "Aliandika Mzee Damiani mwenyewe, miaka hiyo," alisema. "Kazi safi. Fuatisha hivyohivyo."

Nikatazama. KARIBUNI WAKULIMA WOTE. Herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, kila moja ndefu kama mtoto wa miaka saba.

Fundi.

WOTE halikutosha.

Ulianza na KARIBUNI kubwa, pana, ya mtu mwenye shamba, WAKULIMA ukalibana kidogo, na ulipofika WOTE ukuta ulikuwa umekwisha. O yake ni nyembamba kama sindano. T imepanda juu ya mgongo wa O. E umeikunja kwenye kona kama mtu aliyechelewa misa akalazimisha kukaa mwisho wa benchi. Wewe! Wewe uliyenisimamisha mwezi mzima kwenye O! Wewe na ule wimbo wako wa "pima kwanza, ndipo uchovye"! Hukupima. Ulijiona unajua, ukachovya tu.

Nilicheka hadi nikakaa juu ya gunia la pumba. Mwenye mashine akaniuliza kama niletewe maji. Nikaendelea kucheka, na katikati ya kicheko nikakuona ulivyokuwa siku ile juu ya ngazi, umefika ukingoni mwa ukuta na herufi nne mkononi, huna pa kuziweka, na hakuna mtu wa kumgombeza. Sikuwahi kukuona hivyo. Nilikuwa nimekuogopa miaka yote hii, hata ulipokuwa kaburini nilikuogopa. Nadhani ni pale, kwenye pumba, ndipo nilipoacha.

Naanza kazi Jumatano. Yule bwana anataka nifuatishe mistari yako ilivyo, kwa heshima. Sitafuatisha. Nitaukwangua ukuta wote, nitaupima mara mbili kwa kamba ya chaki, na WOTE watapata nafasi yao sawa na wengine. Nakuahidi hilo, na nakuahidi kwamba sitamwambia mtu kwa nini. Ukinuna, nuna, mimi nitakuwa nimeshapanda ngazini.

Kwaheri, Fundi Damiani. Nimeisoma barua hii kutoka mwanzo mpaka mwisho, na jina lako kila lilipo nimelisoma kutoka nyuma. Liko sawa.

Mimi binti wa bandani kwako,
Yustina